Mwaka wa Kuhesabu Majani

Msiba wa Tabibu Mhina niliupata kwa simu, saa tatu asubuhi, nikichambua mchunga barazani kwangu Chanika, Handeni. Aliyepiga alikuwa mjukuu wake. Alisema babu amefariki, anazikwa Korogwe baada ya swala ya alasiri, na kwamba siku zake za mwisho alikuwa akinitaja. Nikamuuliza alikuwa akinitaja vipi. Kijana akasema, "Alikuwa anauliza tu, bibi. 'Zaina amekwisha sema?' Tukimuuliza aseme nini, anageukia ukutani." Nilimpa pole, nikaaga, nikaendelea na mboga yangu mpaka nilipogundua kwamba majani nayatupa na mabua nayatia kwenye sufuria.

Habari za kuzaliwa kwangu na za wazazi wangu haziongezi kitu hapa, kwa hiyo naziacha. Mimi leo ni nesi mstaafu mwenye miguu inayovimba na mdomo mkali, wajukuu wananiogopa kidogo na sioni ubaya. Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nesi msaidizi katika zahanati ya vitanda kumi na viwili, nje kidogo ya Korogwe, ambayo sasa haipo tena. Katika mwaka huo mwanamke mmoja alikufa kwa sababu yangu, na lawama akabebeshwa mume wake. Nimeyazunguka maneno hayo miaka arobaini, na nimeona afadhali niyaandike mapema kabla sijapata kisingizio cha kuyaficha katikati ya mengine.

Msibani wanawake tulikaa ndani, kwenye mikeka, na wenzangu wakawa wanamsifu marehemu. Mama mmoja alisema alishonwa mguu bila ganzi, kwa maneno matupu, huku anacheka. Mwingine akasema, "Walimzushia sana yule baba, eti anawaroga wagonjwa. Maskini, hakumroga mtu." Wote wakaitikia. Mimi nilikuwa karibu na dirisha, nikatazama nje kwenye turubai la wanaume, ndipo nikamwona Bakari, mume wa yule mwanamke. Amezeeka, amekauka, lakini mabega ni yale yale. Alikuwa kwenye kiti cha mwisho, na kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu, ingawa wanaume wengine walikuwa wamesimama. Huenda ilikuwa bahati tu. Mimi sikuiona hivyo, na chai niliyopewa ikanishinda.

Tabibu Mhina alikuwa Msambaa mfupi, msafi mno, mwenye sauti ya chini iliyokulazimisha usogee ili umsikie. Kazi ile ya kutuliza maumivu kwa maneno alifundishwa ujanani na daktari mmoja wa meno aliyefanya naye kazi Tanga. Siku hizi wasomi wanaiita hipnosisi; yeye aliita kutuliza, basi. Dawa za maumivu zilikuwa zikitufikia kwa kubahatisha, mwezi huu zipo, miezi miwili hazipo, na vidonda havisubiri. Nilipofika pale mara ya kwanza nilidhani nimeletwa kwa mganga. Chumba cha vidonda kilikuwa na meza moja, benchi moja, dirisha linalotazama reli, na harufu ya dawa ya kusafishia iliyokuwa ikinifuata mpaka kwenye chakula. Mgonjwa wa kwanza kumwona akitulizwa alikuwa Mzee Saidi, mchoma mkaa wa Kabuku, aliyekanyaga tanuru lake likatitia, miguu yote miwili ikaungua mpaka magotini. Bandeji zake zilibadilishwa kila siku, na siku ya kwanza alipiga kelele mpaka watu waliokuwa nje kwenye foleni wakaondoka.

Siku ya pili tabibu alivuta benchi, akakaa usawa wa kichwa chake, akamuuliza kama mtu anayetaka kujifunza, "Mzee, tanuru unalifunikaje?" Mzee Saidi, kwa hasira ya maumivu, akamjibu kwamba unaanza na nyasi. "Haya, weka nyasi. Ukimaliza nyasi?" Udongo. "Weka udongo. Taratibu. Moshi unatokea wapi sasa?" Kushoto. "Zibe hapo. Pigapiga udongo ushikane. Na sasa?" Waliendelea hivyo, sauti ya tabibu inashuka, majibu ya mzee yanafupika, mpaka macho yakawa nusu yamefumba na mkono wake wa kulia ukawa unapigapiga shuka, unaziba moshi ambao sisi hatukuuona. Tabibu akanipa ishara. Nikabandua bandeji iliyogandamana na nyama, na yule mzee hakutikisika. Alisema tu, polepole, "Nyuma bado kunafuka." Nilitaka kutoka nje, na wakati huohuo nilitaka kuijua kazi ile kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka.

Tabibu alinifundisha. Siri ya kazi ile, alisema, ni kumrudisha mtu kwenye kazi ambayo mikono yake inaijua, kwa sababu mikono ikishika kazi, akili inaifuata. Mpika chapati mpeleke kwenye unga, fundi cherehani mpeleke kwenye pindo. Alikuwa na masharti yake pia. Mlango uwe wazi, ndugu wa mgonjwa awepo, pasichomwe hata ubani, watu wasije wakapata la kusema. Sharti la mwisho alilirudia mara nyingi mpaka likanichosha. "Maumivu usiyojua yametoka wapi, usiyaguse. Na usimfundishe mgonjwa kujifanyia peke yake. Hapa mimi nipo. Kwake nani atajua amefika wapi?" Nilikuwa nikiitikia, "Ndiyo, tabibu," huku moyoni nikisema mzee huyu anataka ujuzi wake uishie mikononi mwake.

Nilikuwa nimepanga Ngombezi, kwenye safu ya vyumba vya wakata mkonge, kwa kuwa mjini sikupata. Ukuta uliotenganisha vyumba haukufika kwenye bati. Uliishia juu kidogo ya kichwa cha mtu mrefu, na hapo juu palikuwa wazi, kwa hiyo jirani akikoroga sukari unasikia kijiko. Jirani zangu walikuwa Bakari na mkewe Mwanahawa. Bakari ni Mzigua kama mimi, wa upande wa Handeni, basi akaniita dada tangu siku ya kwanza, na mkewe akaniita wifi na kunitania kwa haki yote ya mawifi: kwamba napika ugali wa hospitali, kwamba nitaolewa na bandeji. Yeye alikuwa wa mjini Korogwe, hakuwa ameshika mimba bado, alikuwa na kicheko kikubwa kuliko umbo lake. Kazi yake ilikuwa kuanika singa, zile nyuzi za mkonge, lakini siku nyingi alikwenda kwanza kumsaidia mumewe kukata. Nilikula kwao kuliko kwangu. Nikifunga macho naiona sinia ya ugali, kisamvu cha nazi au kunde, na Bakari akinawa mikono iliyochomwachomwa na miiba ya mkonge mpaka viganja vikawa havisikii moto wa chakula.

Bakari alikuwa akihesabu hata nyumbani. Majani ya mkonge hufungwa thelathini kwa fungu, na nyapara akikuta fungu lina ishirini na tisa analifungua na kulitawanya, unaanza upya. Ndiyo maana mkataji hakubali kusemeshwa katikati ya fungu. Ukimsemesha atainua mkono, amalize thelathini, ndipo akujibu. Mwanahawa alikuwa akimcheka. "Huyu hata akiitwa na malaika atasema subiri, bado kumi na mbili." Bakari naye alicheka. Nilikuwepo, nilicheka nao.

Kosa langu lilianza na jambo dogo. Mwanahawa alikuwa akiumwa sana siku zake za mwezi, anajikunja sakafuni, anakosa kazi. Siku moja aliniambia, "Wifi, huko kwenu wanasema mnamlaza mtu kwa maneno. Nilaze na mimi." Nikajiambia maumivu haya yanajulikana yametoka wapi, sharti sijalivunja. Nikamlaza kwenye mkeka chumbani kwangu, mchana, nikampeleka shambani. Kata jani. Hesabu. Kata jingine. Ukifika thelathini, funga fungu, maumivu yako yafunge humo ndani, liache pembeni mwa mstari, usonge mbele. Kwenye fungu la tatu uso wake ulilegea. Kwenye la tano akatabasamu. Alipoamka alinikumbatia akilia, na mimi nikajiona daktari. Mwezi uliofuata nilikuwa zamu asipate wa kumlaza, kwa hiyo nikamfundisha kujihesabia mwenyewe. Nikamwambia jambo moja tu, kwamba asimwambie mtu, hata Bakari, maana tabibu akijua nitafukuzwa. Akaapa. Aliitunza ahadi ile kuliko nilivyostahili.

Baada ya hapo nilianza kuona mambo ambayo yangemtia hofu mtu mwenye akili. Jino lilimuuma wiki nzima na hakulisema mpaka shavu likavimba. Siku nyingine aliegemea chungu cha moto kwa mkono, na nilipopiga kelele aliutazama ule mkono kwanza, kana kwamba anatafuta ni wa nani, ndipo akauondoa. "Sikusikia," alisema, na akacheka kicheko chake kikubwa. Asubuhi nikivaa sare, kutoka juu ya ukuta ulikuwa ukinijia mnong'ono: kumi na saba, kumi na nane, kumi na tisa. Nilizoea kuusikia. Nilifikiri namsikia mtu aliyepona.

Siku moja asubuhi, mvua za vuli zikiwa zimeanza, alinikuta mlangoni nikifunga kamba za viatu. "Wifi, tumbo." Nikamuuliza, "La mwezi?" Akafikiri kidogo, akasema, "Labda. Linazunguka kitovuni." Nilikuwa nimechelewa. Nikamwambia, "Hesabu, nikirudi nitakuangalia." Niliporudi alikuwa amekaa, akasema limetulia. Sikumgusa tumbo. Kila nikifika hapa katika kusimulia natafuta sababu, na sababu ni kwamba nilikuwa na njaa na alikuwa amenipikia. Yeye mwenyewe hakula. Siku ya pili hakula. Siku ya tatu nilimwona akitembea ameinama upande wa kulia, ameshika kanga kiunoni, na aliponiona akanyooka. Mnong'ono wa ukutani sasa haukuwa wa asubuhi tu. Siku ya nne niliondoka kwenda kazini bila kumsabahi, na ninajua kwamba nilifanya hivyo makusudi, kwa sababu nilianza kuogopa atakachonijibu.

Trekta la kubeba mkonge lilisimama mbele ya zahanati siku hiyo hiyo, saa kumi na nusu alasiri. Bakari alishuka akiwa amembeba mkewe mikononi, miguu yake Mwanahawa ikining'inia. Tabibu alimgusa tumbo mara moja, lilikuwa limekaza kama ubao. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka, pengine tangu jana yake. "Ameanza kuumwa lini?" tabibu aliuliza. Bakari akajibu, "Leo, tabibu. Mimi nimetoka shambani mchana nimemkuta amelala, akaniambia tumbo, nihesabie." Tabibu akainua kichwa. "Umhesabie nini?" "Majani. Kama shambani. Amesema yeye mwenyewe hawezi tena, nimhesabie mimi, na nisiache mpaka alale. Basi nikahesabu. Kila nikikosea nikaanza upya. Baadaye akanyamaza, nikajua amelala, nikamwacha apumzike. Nilipokuja kumwamsha hakuamka vizuri." Alisimulia yote hayo kwa heshima, kofia mkononi, akidhani ameulizwa kwa ajili ya matibabu tu. Mwanahawa alikuwa hana fahamu, lakini midomo yake ilikuwa inacheza. Tabibu aliinama, akaisoma. Kisha akanitazama mimi.

Niliulizwa mbele ya Bakari, "Nesi, unakaa nao. Umeona dalili yoyote siku hizi?" Nikasema, "Hapana, tabibu." Ndivyo nilivyosema. Gari la kumpeleka hospitali kubwa ya upasuaji lilikuwa limetoka na mzazi, na kabla halijarudi Mwanahawa alikuwa ameshafariki. Hakulalamika hata mara moja. Akina mama waliokuwa wodini walisema amekufa kifo chepesi, nami nilikuwa nafunga kidevu chake kwa kitambaa.

Tabibu alinifuata kwenye chumba cha mashuka, akasimama mlangoni. Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha. "Ulimfundisha?" Nikaitikia. "Mume anajua?" Nikasema hajui. Akakaa juu ya kikapu cha nguo chafu, mtu yule msafi. Akasema, "Nikiandika ninachokijua, kesho tutaambiwa tunaua watu kwa uchawi. Wewe utafungwa, mimi nitafungwa, na wale waliobaki wodini watabanduliwa vidonda kwa kelele. Nitaandika alichelewa kuletwa. Si uongo. Lakini yule mwanamume utamwambia mwenyewe. Leo huwezi, nakuona. Siku utakayoweza, utamwambia." Nikaahidi. Aliandika maneno yale mawili, na tangu siku hiyo hakumtuliza mgonjwa mbele yangu tena.

Maneno mawili yale yalitoka zahanati, pamoja na habari ya kuhesabu, yakafika Ngombezi kabla ya maiti. Kwenye bomba la maji niliwasikia akina mama: "Mke anakata roho, mume kakaa kitandani anahesabu mkonge." Mwingine akashusha sauti akauliza mkonge unahesabiwa vipi nyumbani, kama si kwa shughuli nyingine. Baada ya arobaini uvumi ulikwisha kuwa na jina, kafara. Eti alimtoa mkewe ili mafungu yake shambani yasipungue. Ndugu wa Mwanahawa walikuja wakachukua sufuria, kanga, na hata mkeka, hawakumpa mkono. Shambani hakuna aliyetaka mstari wa jirani na wake. Mimi nilikuwa nasikia yote, maana ukuta ule ule uliokuwa ukiniletea mnong'ono wa mkewe sasa ulikuwa unaniletea kimya chake. Hakuwa akihesabu tena. Mara moja aligonga mlango wangu, akasimama, akauliza, "Dada, wewe ni mtu wa hospitali. Kuhesabu kunaweza kuua mtu?" Nikamjibu kwamba ajali haina kinga na amwachie Mungu. Kabla mwaka haujaisha niliomba uhamisho, nikarudi Handeni.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo, nikapewa cheti, nikapigiwa makofi. Kutuliza kwenyewe si kitu kibaya, na nasema hivyo kwa sababu nimeona Mzee Saidi akitembea kwa miguu yake kwenda kupanda basi la Kabuku, anatutania. Kibaya ni mimi niliyemnyima mtu sauti ya kusema anaumwa, kisha nikajinyima yangu.

Baada ya mazishi watu walianza kutawanyika. Nilitoka kwa wanawake, nikavuka uwanja, nikakaa kwenye kile kiti kitupu. Bakari alinitazama muda, macho yake yana ukungu. "Ni Zaina," nikasema. "Wa Ngombezi." Akanyoosha mkono haraka, akafurahi kweli. "Dada! Habari za siku nyingi?" Sikuijibu salamu yake, kwa kuwa ningeijibu ningepata pa kujificha. Nikamwambia yote, tangu mkeka chumbani kwangu mpaka "Hapana, tabibu." Nikamwambia kwamba Mwanahawa alikatazwa na mimi kumwambia. Nilisema kwa sauti ya kawaida na watu wawili waliokuwa wakikunja turubai wakasimama kusikiliza, sikunyamaza.

Nilipomaliza alikuwa anatazama viganja vyake. "Alinyamaza nikiwa ishirini na sita," alisema. "Nilifurahi. Nikamalizia manne yaliyobaki, ili fungu litimie, ndipo nikainuka." Akavikunja viganja. "Walipokuja wakwe kuniuliza nimemfanyia nini binti yao, mimi sikuwa na jibu. Nilihesabu, akafa. Watu wakasema, nami nikaona huenda wanasema kweli, huenda ninacho kitu nisichokijua. Sikuoa tena, dada. Niliogopa kumkalia mwingine kitandani akiumwa."

Nikamwambia nisamehe. Neno lilitoka dogo sana. Hakulipokea wala hakulikataa. Aliuliza tu, kwa upole, kama anayeuliza njia, "Baada ya pale ulikwenda wapi?"

"Handeni. Chanika. Nipo huko mpaka leo."

"Chanika," akasema. "Mimi napita Chanika kila mwezi, namtembelea dada yangu mkubwa." Akainuka, akakung'uta kanzu, akatazama upande wa barabara, kisha akanigeukia, na uso wake haukuwa na hasira, na hilo ndilo ninalolala nalo sasa.

"Kumbe ulikuwa hapo hapo tu," alisema.